Pete Ishirini za Mti wa Pembe

Bonde la Mto Green, Kentucky
20 Februari 1804

Mdogo wangu Silas,

Au sasa nikuite Mheshimiwa Jaji? Muuza chumvi ameniambia umepewa kiti cha mahakama ya mzunguko, na kwamba unapita mji kwa mji juu ya farasi mwekundu, watu wakikuvulia kofia. Nilicheka mpaka Hester akaja mbio kuona mama yake amepatwa na nini. Mimi niliyekupangusa makamasi kule Vermont leo nikuvulie kofia? Thubutu! Lakini hongera sana. Nimewatangazia watu wote wa bonde hili, waliotaka kusikia na wasiotaka.

Sasa nisikilize. Kampuni ya Ardhi ya Haldane imenishtaki. Wanadai shamba hili lote, nyumba, kisima na konde la mahindi, ni lao kwa hati waliyoandikiwa Virginia na watu ambao hawajapata kuuona mto huu kwa macho. Sheria unaijua kuliko mimi: aliyeutia alama mti wa pembe, pale mipaka inapokutana, kabla ya mosi Juni 1784, ardhi ni yake. Aliyechelewa, hati ya kampuni inamng'oa. Marehemu Amos wangu aliutia alama ule mti wa sukari tunaougema utomvu, ulio juu ya kijito, mwezi Machi mwaka huo, mapigo matatu ya shoka, theluji ikimfika magotini. Amos alikuwa mbishi, na alikoroma hadi paka wakahama nyumba, lakini mwongo hakuwa.

Kesi itakuja mbele yako Aprili. Tangu nijue hivyo nimelala usingizi wa kushiba. Sikuombi upendeleo, Silas. Nakuomba tu ukumbuke ni nani alikubeba mgongoni ulipovunjika mguu.

Hester na Prudence wanakuamkia, mjomba wao.

Dada yako,
Keziah Burdett


Mjini Maddox
2 Machi 1804

Dada Keziah,

Shikamoo. Nashukuru kwa hongera. Yaliyobaki katika barua yako naomba niyajibu mara moja tu, kisha tusiyataje tena.

Wakili wa kampuni, Bwana Ransome, nimemwambia mbele ya watu kwamba wewe ni dada yangu wa tumbo moja, na kwamba akitaka jaji mwingine atampata. Alicheka. Alisema jaji mwingine yuko mbali mwendo wa majuma matano, wateja wake hawana subira hiyo, na kwamba mti utajisemea wenyewe. Basi nitakaa mimi. Lakini kuanzia leo mpaka kesi iishe, usiniandikie neno lolote kuhusu shamba, mti, Amos au kampuni. Nikiona mwandiko wako juu ya bahasha nitairudisha bila kuifungua. Najua utakasirika. Kasirika tu.

Mguu ulipona zamani. Mgongo wako siusahau.

Mdogo wako,
Silas Wheelock


[Juu ya bahasha, kwa mwandiko wa Silas: Imerudi kwa mwenyewe. Haijafunguliwa.]

Bonde la Mto Green
15 Machi 1804

Silas,

Barua hii haihusu kesi. Inahusu mti. Umeniambia nisitaje mti pia, lakini wewe uliniambia mambo mengi maishani na ni machache niliyoyafuata.

Jana mpima ardhi wa kampuni, Bwana Orcutt, alikuja na Ransome na msumeno. Wakakata kipande cha shina pale penye alama ya Amos, kama inavyofanywa katika kila kesi ya mipaka huku, ili wahesabu pete zilizoota juu ya kovu. Wakahesabu pete ishirini. Orcutt akatabasamu, akanyoosha kidole: hii ya nje kabisa ni ya mwaka huu, 1804, ukihesabu pete ishirini kurudi nyuma kuanzia hiyo, ya mwisho inaangukia 1785. Kwa hiyo alama ilitiwa baada ya kiangazi cha 1784 kupita. Umechelewa, mama.

Mungu wangu, Silas! Tuko Machi! Mti hauna hata tumba la jani! Kila aliyewahi kugema utomvu na kuchemsha sukari anajua kwamba mti hauongezi ubao wowote mpaka majani yatoke. Pete ya mwaka huu bado haijaanza. Ya nje ni ya mwaka jana, na ya ishirini ni ya 1784 yenyewe. Shoka la Amos liliingia kabla majani ya mwaka ule hayajachipua, kama alivyosema.

Na nani atayasema haya kortini? Mimi mwenye kesi siruhusiwi kutoa ushahidi katika kesi yangu. Mzee Lytle, jirani, yuko kitandani na homa ya mapafu. Isham, mtumwa wake, amechemsha sukari miaka thelathini na anaijua miti kutushinda wote, lakini sheria yenu haimsikilizi mtu mweusi dhidi ya mzungu, na hilo nalo ukipata nafasi ulifikirie. Wakili wangu, Bwana Dunn, ni mtu wa mjini. Nilipomweleza aliniambia mpima ardhi ana cheti na mimi nina ndoo.

Basi nakuambia wewe. Muulize Orcutt kipande kilikatwa lini. Swali moja tu.

Keziah


Mjini Maddox
29 Machi 1804

Dada Keziah,

Barua yako inarudi pamoja na hii, na muhuri wake wa nta uko vilevile ulivyoubana kwa kastabini yako. Nilisema, nawe ulijua nilisema kweli.

Niambie, Prudence amepona kikohozi? Nimemnunulia kitabu cha picha za ndege.

Silas


Bonde la Mto Green
26 Aprili 1804

Silas, Silas, Silas!

Nimekaa siku nne nikitafuta maneno ya kukushukuru, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Laiti ungeiona sura yako pale juu ya kiti! Umekaa mkavu kama gogo, Orcutt anaeleza pete zake, wale raia kumi na wawili wa kuamua kesi wanasinzia, Dunn wangu anachokonoa kucha. Ransome keshaanza kukusanya karatasi. Ndipo ukauliza, kwa sauti ile ya kuuliza chumvi mezani: "Bwana Orcutt, kipande hiki kilikatwa mwezi gani?"

"Machi, Mheshimiwa."

"Majani yalikuwa yametoka?"

Loo! Ransome alibadilika rangi hapohapo. Mmoja wa wale kumi na wawili, mwenye ndevu nyekundu, alicheka kwa sauti, kwa kuwa yeye naye ni mgema sukari. Hawakutoka hata chumbani. Waliinamiana, wakanong'onezana, wakasimama: ardhi ni ya mjane Burdett. Hester alinikumbatia mpaka kofia ikanidondoka.

Sasa hapa tuko wawili tu, niambie kweli. Uliisoma! Uliianika kwenye mwanga, au ulipitisha kisu chini ya nta ukairudishia. Maneno yalikuwa yangu hasa, neno kwa neno. Wala sikulaumu, mdogo wangu mjanja. Nilijua damu itasema.

Nimekutumia bonge la sukari, kubwa kama kichwa cha Ransome na tamu kuliko yeye.

Dada yako mwenye shamba,
Keziah


Mjini Maddox
7 Mei 1804

Dada Keziah,

Sikuisoma.

Unasema maneno yalikuwa yako. Dada, baba alitupeleka sote wawili kwenye miti ile ya Vermont. Wewe ulishika ndoo, mimi nilishika shoka dogo nyuma yako. Aliyoyajua baba kuhusu mti na jani aliyasema kwa sauti, nami nilikuwa na masikio. Umesahau kwamba nilikuwepo. Siku zote unasahau kwamba nami nilikuwepo.

Lakini sikuandika ili nikununie. Kuna jambo kubwa zaidi na utalisikia kwangu kabla hujalisikia kwa muuza chumvi. Siku tatu za kurudi mjini, juu ya farasi, nilijiuliza swali moja: kama pete zile zingekuwa zimekosewa kwa faida yako, na swali langu lingekuangusha wewe na kuiinua kampuni, je, ningeliuliza? Nataka sana kusema ndiyo. Siwezi kuapa.

Ransome ameomba kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine. Nimekubali. Itakuwa Septemba, mbele ya Jaji Pomfret.

Najua unavyojisikia sasa hivi. Lakini fikiri jaji wa huku ana nini. Sina jeshi, sina jela isiyobomoka mvua ikinyesha. Nina meza, kitabu na sauti. Watu wanatii kwa sababu wanaamini simjui mtu nikiwa kitini. Siku watakaposema Wheelock anamhukumia dada yake, kila mwenye bunduki atakuwa jaji wa shamba lake, na wajane ndio watakaokuwa wa kwanza kufukuzwa.

Haki yako ni ya kweli. Itasimama bila mimi.

Silas


Bonde la Mto Green
16 Mei 1804

Mheshimiwa Jaji Wheelock,

Nilikuwa na shamba majuma matatu. Umeninyang'anya wewe, si Haldane. Umeninyang'anya ili ulale vizuri.

Usiniandikie tena. Bahasha zako nami najua kuzirudisha.

K. Burdett


[Juu ya bahasha, kwa mwandiko wa Keziah: Imerudi kwa mwenyewe. Haijafunguliwa.]

Mjini Maddox
2 Julai 1804

Dada Keziah,

Sasa mimi si jaji wa kesi yako, kwa hiyo leo naweza kukushauri kama ndugu yeyote. Soma hii hata kama utaichoma baadaye.

Namjua Pomfret. Ni mtu safi, hali rushwa, lakini ni mtu wa vyeti. Kuhusu mipaka na miti hamsikilizi mtu asiyekuwa mpima ardhi mwenye kiapo. Umlete jirani yako yeyote, umlete mgema sukari yeyote wa bonde, atawanyamazisha wote. Unahitaji mpima ardhi wako mwenyewe wa kusema yaleyale. Yuko mmoja Danville, Bwana Tull, alilelewa kwenye miti ya sukari kama sisi. Nimekwisha kumwuliza, bila kutaja jina lako, na anajua vizuri kabisa mti huongeza pete lini. Atakuja ukimwita. Mwite kabla ya Agosti kwisha, maana baadaye ataenda Tennessee.

Hilo tu. Huna haja ya kunisamehe ili umwite Tull.

Silas


Bonde la Mto Green
25 Septemba 1804

Silas,

Naandika ili upate habari kutoka kwangu, si kutoka kwa mchuuzi.

Tumeshindwa. Mzee Lytle alipona, akaja na fimbo yake, akasimama kueleza habari ya majani. Pomfret akamwuliza kwa adabu kama ana cheti cha upimaji. Hana. "Basi keti, baba." Akawaambia wale kumi na wawili, wote watu wa mjini, washona kofia na wenye maduka, kwamba ushahidi uliopo mbele yao kuhusu pete ni wa Bwana Orcutt peke yake. Walikaa nje muda wa kuvuta kiko kimoja. Sikulia pale. Nililia njiani, na Hester alijifanya haoni.

Juzi walikuja majirani ishirini na mmoja uani kwangu, bunduki mabegani. Mwenye ndevu nyekundu ndiye aliyewaongoza. Walisema afisa wa korti akija kunitoa atarudi amelazwa juu ya farasi wake. Akanitania: "Mama Burdett, wewe pika tu uji, sisi tutapika mengine." Nami moyo ulinipanda, Silas, nakwambia kweli, nilitaka sana kusema haya pigeni.

Kisha nikawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja wao ana hati yenye kasoro. Kila mmoja kesho atakuwa na kesi na jirani aliyesimama ubavuni mwake. Nikaona nikianza mimi, dada wa jaji, hawa watauana. Nikawaambia: afisa akija atanywa maziwa, na mimi nitafunga virago. Mwenye ndevu aliniita mjinga. Nikamwambia ujinga huu ni wa ukoo.

Bado nina hasira nawe. Usidhani nimeyafanya haya kwa ajili yako.

Keziah


Mjini Maddox
6 Oktoba 1804

Dada yangu,

Habari ya uani kwako imefika kila mji kabla ya barua yako. Juzi hapa Maddox watu wawili waliokuwa wameshashikana makoo kuhusu kisima walikuja kwangu kwa miguu yao, wakasema kama mjane Burdett ameweza kuitii korti nao wataweza. Kazi niliyoshindwa kuifanya kwa miezi minane umeifanya wewe kwa asubuhi moja, na umelipia kwa nyumba yako.

Katika bahasha hii nimetia ile barua yangu ya Julai uliyoirudisha. Nilifikiri niichome. Lakini siwezi kukuficha, na wewe hupendi kufichwa. Usiisome ukiwa peke yako.

Njooni mkae kwangu, wewe na watoto. Nina vyumba vitatu na mpishi anayeunguza kila kitu. Naomba, dada. Na nisamehe.

Silas


Ng'ambo ya Ohio, nchi ya Indiana
21 Novemba 1804

Mdogo wangu Silas,

Ahsante kwa vyumba vitatu, lakini mimi kukaa mjini nikisikiliza kengele za watu wengine, ng'o! Tulivuka Ohio tarehe tatu, mimi na mabinti, ng'ombe wawili na jiko la chuma, pamoja na familia kumi za bonde letu ambazo nazo hati za watu wa mbali zimeziandama. Nyumba imesimama, bado paa upande mmoja. Prudence hakohoi. Hester amepata mchumba, naye ni mrefu hata anagonga kichwa kwenye kila mlango tuliotengeneza.

Barua ya Julai niliisoma kwenye kivuko, Hester akiwa kando yangu kama ulivyoagiza. Nilikaa juu ya gunia nikacheka kwanza, kisha nikalia, kisha nikamwomba mwenye kivuko aache kunitazama. Tull wa Danville! Alikuwa mwendo wa siku mbili! Nilikuwa na shamba langu mkononi ndani ya bahasha, nikaandika juu yake haijafunguliwa, kwa maringo. Wewe uliirudisha yangu ili uwe mkweli. Mimi niliirudisha yako ili uumie. Kwa hiyo usiniombe msamaha tena, Silas, maana kila ukiomba ninaona aibu. Kosa la Pomfret ni la Pomfret, na lililobaki ni langu.

Sasa jambo lililonifanya niwashe mshumaa wa bei ghali mchana huu wa mawingu. Gavana anamtafuta jaji wa upande huu wa mto. Watu wa hapa wamekutana ghalani kwangu kuchagua jina la kumpelekea. Kila mmoja alikuwa na binamu yake, shemeji yake, mtu wa kumfaa. Nilisimama nikataja jina lako. Mwenye ndevu nyekundu, naye yuko hapa, alisema: "Mama, huyo si ndiye aliyekutoa kwenye shamba lako?" Nikasema ndiye, na ndiyo sababu. Wakabishana, wakachoka, wakatia sahihi zao chini ya jina lako.

Lakini nina sababu ambayo sikuwaambia, nakuambia wewe peke yako. Nyuma ya nyumba yangu, kwenye ardhi nzuri kuliko yote niliyowahi kulima, kuna matuta ya mahindi. Ni mengi, yamepangwa vizuri, na mabua ya mavuno yaliyopita bado yamesimama. Sikuyapanda mimi. Juma lililopita alikuja mwanamke wa kabila la Shawnee, wenyeji wa nchi hii, wa umri wangu, amebeba jembe la mfupa wa nyati. Alisimama kwenye ukingo wa konde akaitazama nyumba, akanitazama na mimi. Nilimpa maziwa, akayakataa. Akaondoka polepole bila kugeuka. Watu wetu wanasema serikali imekwisha kuinunua nchi hii yote, na hati ipo. Wewe na mimi tumeishi na hati, Silas. Tunajua zinavyoandikwa na watu ambao hawajauona mto.

Uliniandikia kwamba huwezi kuapa kama ungeuliza swali la kuniangusha. Basi swali lenyewe liko hapa, limesimama nyuma ya nyumba yangu, na hakuna hata mmoja kati ya familia hizi anayetaka liulizwe. Mimi nimelijua jibu tangu siku ya kwanza, na nimekwisha kuutia mti wa pembe wa hapa shoka mara tatu, Mungu anisamehe. Omba kazi hiyo. Njoo ukae kitini, uniite mbele ya watu, uniulize matuta haya ni ya nani.

Dada yako,
Keziah